Maji ya kichwani yakishushwa tumboni, yanaenda wapi?

SWALI: Shikamoo dokta. Mwanangu ana miezi minne, kichwa kimekua haraka mpaka kofia za mwezi uliopita hazimwingii, kliniki wakatupa rufaa KCMC, tumeambiwa ana maji kichwani awekewe mpira wa kuyashusha tumboni. Mama mkwe hataki, anasema si ndo atavimba tumbo, bora tumkande na kumfunga kitambaa kichwani. Nishike lipi? Na huo mpira unatolewa lini?
Mama wa Pasua, Moshi

JIBU: Marahaba mama, pole. Bibi mwambie kwa heshima zote kitambaa akiweke kabatini, fuvu la mtoto halijaunga bado ndo maana linatanuka, ukilibana maji hayaendi popote yanazidi tu kuugandamiza ubongo. Ila la tumbo kauliza vizuri kweli. Maji hayo kila mtu anayo, mtu mzima anatengeneza kama nusu lita kwa siku na yananyonywa kurudi kwenye damu, sasa kwa mwanao njia imeziba au hayanyonyeki, huku kwetu mara nyingi ni baada ya homa ya uti wa mgongo uchangani au mtoto kazaliwa na mgongo wazi. Yakifika tumboni yananyonywa hukohuko, yanaingia kwenye damu, anayakojoa. Havimbi.

Mpira wenyewe ni mwembamba, unapita chini ya ngozi nyuma ya sikio, shingoni, kifuani, na tumboni wanauacha mrefu umejikunja ili akirefuka usivutike. Ukipapasa kichwani karibu na sikio utagusa kinundu kama punje ya maharage, ndo valvu hiyo, inafunguka presha ikizidi na hairuhusu maji kurudi juu. Mojawapo ya valvu za mwanzo kabisa aliitengeneza mwaka 1956 fundi mitambo wa Marekani, John Holter, mwanawe alikuwa na tatizo hilihili. Baba tu, wala si daktari!

Kutolewa? Wengi wanakaa nao maisha, na hapa ndo wazazi wanajisahau, wakishatoka wodini wanaona yameisha. Mpira unaziba, unapata maambukizi, karibu nusu ya watoto wanarudishwa tieta ndani ya miaka 2. Kwa hiyo akianza kutapika hovyo, analala haamki kunyonya, utosi umetuna akiwa ametulia hata halii, macho yanatazama chini mpaka weupe unaonekana juu ya mboni, au ana homa na ngozi juu ya mpira imekuwa nyekundu, usingoje tarehe ya kliniki, nenda usiku huohuo, na ukiambiwa ni malaria waombe kwanza wauangalie mpira.

Muulize daktari pia kama anafaa kutobolewa kitundu ndani ya ubongo bila mpira, njia hiyo kwa watoto wachanga wameifanya sana Mbale, Uganda. Si kila mtoto inamfaa.

Kichwa hakitasinyaa kesho yake, msitishane nyumbani. Nunua futi ya fundi cherehani, mpime kila Jumatatu juu ya nyusi kuzunguka kisogo, andika nyuma ya kadi ya kliniki.