Nyumba ya 2008: ungeiuza 2012, zile dola 7,500 za nafuu ya kodi ya Marekani zingekuwaje?

Dada, mwaka 2012 ulilalamika kwamba ulikuwa unarudisha nafuu ya kodi uliyopewa na serikali ya Marekani kwa kununua nyumba ya kwanza, huku jirani yako harudishi kitu; hukuonewa, ingawa naelewa uchungu wako. Wewe ulinunua nyumba Minneapolis Agosti 2008, jirani akanunua mwaka uliofuata. Nafuu yenu ilikuwa na jina moja lakini sheria mbili. Ya kwako ilikuwa mkopo usio na riba: dola 7,500, za kurudishwa 500 kila mwaka kwa miaka 15, kuanzia ritani (taarifa ya kodi ya mwaka) ya 2010. Yeye alipewa 8,000 za moja kwa moja, mradi aishi humo miezi 36. Bunge la Marekani lilibadilisha sheria katikati ya safari, na tarehe ikakuangukia vibaya.

Pia uliuliza kuhusu kuuza mwaka huohuo wa 2012, kwa kuwa bei zilikuwa zimeanza kuinuka. Ulikuwa umeshalipa 1,000, zimebaki 6,500. Ungemuuzia mtu baki, usingedaiwa zaidi ya faida yako. Ila faida hiyo ilipigiwa hesabu kwa namna yake: ulinunua kwa 150,000, unatoa 6,500 zilizobaki, inakuwa 143,500. Ungepata 145,000 baada ya gharama za dalali, faida ingekuwa 1,500, na hizo ndizo ungerudisha. Zilizobaki zingesamehewa. Usingepata faida, usingelipa kitu. Fomu ya kodi ya kujaza ilikuwa 5405.

Lile wazo la kuipangisha huku ukisubiri bei ipande, mimi ningeliacha. Siku nyumba ingeacha kuwa makazi yako, 6,500 zote zingedaiwa kwenye ritani ya mwaka huohuo. Kumuuzia mwanao nako kusingekupa msamaha.