Wasomaji Wauliza: Joto la bahari ya kale ndani ya tope la sakafuni

Ninafundisha jiografia. Wanafunzi wamenibana: tope lililolala kilomita mbili chini ya maji, tena kwenye baridi kali, linajuaje joto la maji ya juu miaka 20,000 iliyopita?

Sehemu kubwa ya tope hilo haikuanzia huko chini, ilishuka kutoka juu. Foraminifera, viumbe wa seli moja wanaoelea karibu na uso wa bahari, hujijengea makombe ya kalsiti yasiyofikia nusu milimita. Huishi wiki chache, hufa, na makombe huzama na kufunikwa na yanayofuata. Kombe likijengwa kwenye maji ya joto, magnesiamu nyingi zaidi huingia kwenye kalsiti na kukalia nafasi ya kalsiamu. Uwiano wa oksijeni 18 kwa oksijeni 16 ndani ya kombe hilo hilo nao hubadilika na joto. Aina fulani za miani, hasa Emiliania huxleyi na Gephyrocapsa oceanica, huacha mafuta yanayoitwa alkenoni, ambayo muundo wake hufuata joto la maji miani hiyo ilimokulia. Hata vijidudu vya kundi la akea huacha mafuta ya utando wa seli, na kipimo chake, TEX86, kimetumika tangu 2002.

Kwa hiyo tope lenyewe halijui joto. Kinachosomwa ni vitu vilivyotengenezwa juu na kuhifadhiwa chini, na karibu matatizo yote ya kazi hii hutokea katika safari ya kutoka juu kwenda chini, au maabara.

Nimepewa nguzo ya mashapo (mchi mrefu wa tope uliotobolewa sakafuni) kutoka bahari ya tropiki nipime magnesiamu kwa kalsiamu kwenye Globigerinoides ruber, aina mojawapo ya foraminifera. Matokeo yangu yanarukaruka kwa zaidi ya digrii 1 kati ya sampuli jirani. Nakosea wapi?

Uwezekano mkubwa ni usafishaji, na hesabu itakuonyesha kwa nini. Mlinganyo uliozoeleka, uliochapishwa 2003, ni Mg/Ca = 0.38 × e^(0.09T), ambapo T ni joto kwa Selsiasi na Mg/Ca ni uwiano wa magnesiamu kwa kalsiamu, milimoli kwa moli. Maji ya digrii 28 hutoa takriban 4.7, ya digrii 25 hutoa 3.6. Tofauti yote ya digrii tatu, yaani Enzi ya Barafu nzima kwa maeneo mengi ya tropiki, ni milimoli 1.1 tu. Sasa acha udongo wa mfinyanzi kidogo ndani ya makombe, uongeze 0.4 kwenye ile 3.6. Kikokotoo kitakupa digrii 26.2 badala ya 25. Umepoteza zaidi ya theluthi ya ishara uliyokuwa unaitafuta, na mashine haitakuambia kitu, maana namba inaonekana ya kawaida kabisa.

Anzia mwanzo. Osha tope kwenye chekeche la mikromita 63, na uangalie maji unayooshea: maji yaliyosafishwa sana huelekea kuwa na asidi kidogo, na ukiyaacha na makombe usiku kucha yataanza kuyala. Kausha chini ya digrii 50. Chekecha tena, ubaki na saizi ya mikromita 250 hadi 355. Ukiweza, banana zaidi, 300 hadi 355, kwa sababu Mg/Ca hubadilika na ukubwa wa kombe. Chini ya hadubini chagua kwa brashi iliyolowa makombe 30 hadi 50, meupe tu. Hapa watu wengi huharakisha. G. ruber ina maumbo mawili: lenye vyumba vya mviringo vilivyokaa kwa ulinganifu juu ya mlango, na lile lililobanana, lenye chumba cha mwisho kidogo na bapa. La pili kwa kawaida huishi chini zaidi, kwenye maji ya baridi zaidi. Ukiyachanganya kwa viwango tofauti kati ya sampuli na sampuli, umejitengenezea mabadiliko ya tabianchi mwenyewe.

Pasua makombe kati ya vipande viwili vya kioo, kwa kugandamiza polepole. Kila chumba kifunguke, lakini usiyafanye unga. Unga utaondoka na maji ya kusuuzia. Weka kwenye kichupa cha plastiki cha mililita 0.5, ongeza maji safi, tikisa kwa ultrasauti, acha vipande vitue kwa dakika moja au chini ya hapo, kisha vuta maji upesi. Mfinyanzi hubaki ukielea kama utusi mweupe. Ukichelewa utatua tena juu ya vipande. Rudia mara nne au tano, halafu mara mbili kwa methanoli. Methanoli ni nyepesi kutiririka kuliko maji, kwa hiyo hung'oa chembe ambazo maji yaliziacha. Ukiona bado inatoka na utusi, endelea. Idadi ya marudio kwenye mwongozo si amri.

Kisha choma mabaki ya viumbe kwa haidrojeni peroksaidi ya asilimia 1 iliyotengenezwa kwenye sodiamu haidroksaidi ya molari 0.1, mikrolita 250, ndani ya maji ya moto kwa dakika kumi. Gonga kichupa mara kwa mara ili mapovu yasishikilie vipande juu. Suuza, hamishia kwenye kichupa kipya, vipitishe vipande kwenye asidi ya nitriki dhaifu ya molari 0.001 kwa nusu dakika tu, suuza tena, halafu yeyusha kwa asidi ya molari 0.075. Zungusha kwenye mashinepewa, ile mashine ya kuzungusha kichupa kwa kasi ili chembe zishuke chini, na uchukue maji ya juu. Usiguse kilichobaki chini, hata kama kichupa kinaonekana kitupu.

Baadhi ya maabara huongeza hatua ya haidrazini kuondoa utando wa manganisi. Hatua hiyo inakula pia kalsiti yenye magnesiamu nyingi na kushusha Mg/Ca kwa takriban asilimia 10, yaani kama digrii 1. Haidrazini pia ni sumu kali na haifanyiwi kazi nje ya kabati la kuvuta hewa. Inafaa pale manganisi inapokuwa tatizo la kweli. Kisichofaa ni nusu ya nguzo isafishwe kwa njia moja na nusu kwa nyingine.

Pima alumini, chuma na manganisi pamoja na magnesiamu, kila sampuli, bila kubania. Chora Al/Ca dhidi ya Mg/Ca. Vitone vikipanda pamoja, hujapima joto, umepima mfinyanzi. Chuma kikizidi moli 0.1 kwa kila moli ya magnesiamu, sampuli hiyo ni ya kutilia shaka. Na rudia sampuli moja kati ya kila kumi kuanzia hatua ya kuchagua makombe, si kuanzia asidi. Marudio yanayoanzia kwenye asidi hupima uzuri wa mashine peke yake.

Sampuli zangu ni safi, alumini haionekani. Lakini zimetoka mita 4,000. Kuna tatizo?

Lipo, na kusafisha hakutaliondoa. Kadiri unavyoshuka, maji huwa na njaa ya kalsiti, na sehemu za kombe zenye magnesiamu nyingi ndizo huyeyuka kwanza. Matokeo husoma baridi kuliko ukweli. Katika Pasifiki tatizo huanza kwenye kina kidogo kuliko Atlantiki. Kibaya zaidi, ukali wa uyeyukaji wenyewe ulibadilika kati ya vipindi vya barafu na vya joto, kwa hiyo huwezi kutoa namba moja ya masahihisho kwa nguzo nzima. Pima wastani wa uzito wa makombe ya saizi moja, na hesabu vipande vilivyovunjika dhidi ya makombe mazima. Uzito ukishuka mahali pale pale joto linaposhuka, usiandike habari ya baridi bado. Ndiyo maana nguzo mashuhuri ya ODP 806 (ODP ni mradi wa kuchimba sakafu ya bahari) kwenye uwanda wa Ontong Java, Pasifiki ya magharibi, ilichukuliwa mita 2,520, si zaidi.

Tumetumia alkenoni kukwepa matatizo ya makombe. Miaka 8,000 ya juu yote inasoma digrii 28 au 29, mstari umelala kabisa. Je, bahari haikubadilika?

Huenda ilibadilika, kipimajoto chenu ndicho kimefika mwisho wa ngazi. Kielezo cha alkenoni ni sehemu ya alkenoni yenye vifungo maradufu viwili katika jumla ya zenye viwili na vitatu. Kwa mlinganyo wa 1998, kielezo = 0.033T + 0.044. Kwenye digrii 28 hiyo ni 0.968: ile yenye vifungo vitatu imebaki asilimia 3 tu ya jumla. Kielezo kikifika 1, karibu na digrii 29, hakuna pa kwenda.

Angalieni kromatogramu zenyewe, yaani michoro ya vilele inayotolewa na mashine, msitegemee jedwali. Kilele kidogo cha vifungo vitatu kikikaribia kelele za mashine, hupotea kwanza, na kila kinapopotea joto hupanda bandia. Toeni mafuta kwenye tope zaidi, punguzeni kiyeyusho kabla ya kuingiza, na wekeni kikomo cha chini cha ukubwa wa kilele ambacho chini yake namba haitolewi. Pia mkunjo wa kuoanisha kielezo na joto uliochapishwa 2018 unaonyesha kielezo huanza kulegea mapema, juu ya digrii 23 hivi, na hutoa ukingo wa kosa unaopanuka kadiri joto linavyopanda. Mkiutumia, mstari wenu uliolala utapata mkanda mpana kuuzunguka, na huo ndio ukweli wa data yenu.

TEX86 haina dari hiyo, lakini ina lake: akea wengi wanaishi chini ya uso, na mto ukimwaga udongo wa nchi kavu karibu nanyi, mafuta ya nchi kavu huchafua usomaji. Kwa Holosini ya tropiki, yaani kipindi cha joto kilichofuata Enzi ya Barafu hadi leo, rudini kwenye makombe.

Oksijeni 18 ina faida gani siku hizi?

Nyingi, ikipimwa kwenye makombe yale yale. Digrii 1 ya baridi huongeza oksijeni 18 ya kombe kwa kama 0.22 kwa elfu. Lakini barafu za nchi kavu zilipokua zilichukua oksijeni nyepesi na kuongeza takriban 1 kwa elfu kwenye bahari yote. Tuseme kombe la Enzi ya Barafu lina oksijeni 18 zaidi ya la leo kwa 1.7 kwa elfu. Toa barafu, inabaki 0.7. Kama Mg/Ca inasema baridi ya digrii 2.5, hiyo ni 0.55, na 0.15 iliyobaki ni habari ya maji yenyewe: mvua na uvukizi. Usiigeuze kuwa chumvi kwa desimali mbili, makosa yote ya awali yamejikusanya humo.

Tunaweza kuona El Niño za miaka 6,000 iliyopita?

Kwa wastani wa makombe 40, hapana. Minyoo na viumbe wengine huchanganya sentimita kama 10 za juu. Tope likijikusanya sentimita 3 kwa miaka 1,000, umechanganyiwa zaidi ya miaka 3,000. Njia iliyopo ni kupima kombe moja moja, makumi yake kwa kila tabaka, na kutazama mtawanyiko, kwa kuwa kila kombe ni wiki chache za maisha. Huoni mwaka gani ulikuwa na El Niño. Unaona kama bahari ilitikisika zaidi au kidogo.

Kitabu kimoja kinasema tropiki haikupoa hata digrii 2 wakati wa barafu, kingine kinasema karibu 3, kingine 5. Tufundishe kipi?

Namba ya chini ilitoka mradi wa CLIMAP, uliochapisha ramani zake 1976 na 1981 kwa kuhesabu spishi za foraminifera. Udhaifu wake katika tropiki ni kwamba spishi za maji ya joto huishi kwa raha kwenye digrii 25 kama kwenye 28, na mara nyingi hubadilishwa na chakula kuliko joto. Wakati huo huo mistari ya theluji kwenye milima ya tropiki ilikuwa imeshuka kama mita 900, jambo lisiloingiliana na bahari isiyopoa. Matumbawe ya Barbados yalitoa digrii 5 mwaka 1994. Mwaka 2000, Mg/Ca kutoka Pasifiki ya ikweta ilitoa digrii 2.8, jumlisha au toa 0.7.

Hiyo ya mwisho nayo ina pande mbili. Bahari iliyoshuka mita 120 ilikuwa na chumvi zaidi kwa takriban gramu 1 kwa kilo, na chumvi huinua Mg/Ca kwa asilimia 3 hadi 4 kwa kila gramu, kwa hiyo huficha baridi kwa kama digrii 0.4. Kaboni dioksidi kidogo angani ilifanya maji yapungue asidi, na hilo hushusha Mg/Ca. Athari hizo mbili zinavutana. Fundisheni digrii 2 hadi 4 kutegemea mahali, na mwanafunzi akitaka namba moja, mwulizeni ni ya bahari ipi na imepimwa kwa nini.

Na miaka milioni 50 iliyopita, mlinganyo ule ule?

Hapana. Magnesiamu hukaa baharini miaka milioni 13 hivi, kalsiamu kama milioni 1, kwa hiyo kwa Enzi ya Barafu iliyopita unaweza kuchukulia uwiano wa bahari haukubadilika. Kwa Eosini huwezi: leo bahari ina magnesiamu zaidi ya mara 5 ya kalsiamu kwa moli, enzi hizo ilikuwa chini sana. Lazima kwanza ukadirie uwiano wa bahari, na kosa la makadirio hayo ndilo litakalotawala jibu lako, hata usafishe makombe kwa ustadi gani.