Siriba, shule za Demo na andalio la somo: majibu kwa wasomaji

Chuo cha Ualimu cha Siriba kilikwenda wapi? (Msomaji, Luanda)

Kilimezwa na chuo kikuu. Mwaka 1990 Siriba kiliunganishwa na taasisi ya serikali ya mafunzo iliyokuwa papo hapo Maseno, kikawa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Moi. Mwaka 2001 kikasimama chenyewe: Chuo Kikuu cha Maseno. Shule za ualimu za Marekani nyingi ziliishia hivyo hivyo. Ile ya kwanza ya serikali, iliyofunguliwa Lexington, Massachusetts, mwaka 1839 kwa wanafunzi watatu tu, leo ni chuo kikuu huko Framingham.

Mbona shule ya msingi iliyo kando ya chuo cha ualimu huitwa Demo? (Mzazi, Kakamega)

Kwa sababu ni shule ya mfano: Demo ni kifupi cha neno la Kiingereza "demonstration", yaani kuonyesha. Wafaransa waliita chuo cha ualimu "école normale", na asili yake ni neno la Kilatini "norma", yaani skwea ya seremala, kipimo cha kufuatwa. Mwanagenzi humtazama kwanza mwalimu stadi akifundisha watoto halisi, kisha hushika chaki mwenyewe.

Niko kwenye mazoezi ya kufundisha. Andalio la somo linanikesha, nani alilianzisha? (Kisumu)

Mlaumu Johann Friedrich Herbart, Mjerumani aliyefariki mwaka 1841, au tuseme wafuasi wake, Ziller na Rein. Wao ndio waliolikata somo hatua tano: kuwaandaa wanafunzi, kuleta jambo jipya, kulilinganisha na wanayoyajua, kutoa kanuni, kisha kuitumia. Shule za ualimu za Marekani zilizidaka hatua hizo miaka ya 1890. Utangulizi, hatua za somo na hitimisho unavyoviandika ni wajukuu wa hatua hizo.

Andalio huharibikia kwenye utangulizi. Kipindi ni dakika 35. Wimbo usiohusu mada ukila 10, zoezi halina pa kukaa. Tenga dakika 5, maswali mawili ya somo lililopita, basi. Shabaha nayo iwe ya kuonekana: "kutaja sehemu nne za ua", si "kuelewa ua". Mkufunzi aliyeketi nyuma ya darasa haoni kuelewa. Na acha nafasi ya maoni. Ijaze siku hiyo hiyo, kabla hujasahau ni wapi watoto walikwama.

P1 bado inafundishwa? (Nakuru)

P1, cheti cha ualimu wa shule ya msingi? Kwa wanaoanza sasa, la. Tangu 2021 vyuo vinapokea wanafunzi wa diploma ya miaka 3. P1 ilikuwa miaka 2.