Madizaina saba, skrini arobaini, na programu ni ileile

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Tuko Nyegezi, Mwanza, tunatengeneza programu huria (msimbo wake uko wazi kwa wote) ya kurekodi samaki wanaoshushwa mwaloni. Madevelopa tuko wanne. Tuliomba madizaina wa kujitolea, wakaja saba, tukawafungulia grupu la WhatsApp. Wamechora skrini zaidi ya arobaini, hakuna hata moja iliyoingia kwenye programu, na sasa wanaondoka mmoja mmoja. Mwenzetu anashauri tufanye shindano: skrini bora ipate zawadi, tuipachike tukishamaliza msimbo. Tuwapange vipi?

JIBU: Marahaba. Shindano liacheni. Kilichonishtua si hao wanaoondoka, ni hilo neno "tuipachike tukishamaliza". Nalisikia kila mara kutoka kwa vijana wenye uwezo mkubwa, na linafukuza madizaina kwenye programu huria kuliko ukosefu wa hela. Mnamwita fundi rangi kwenye nyumba ambayo milango imeshakaa pabaya, halafu mnashangaa kwa nini wapangaji wanapita dirishani.

Nilikaa asubuhi moja na karani wa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo, kwenye mwalo wa upande wa Ilemela. Simu yake ilikuwa na programu inayofanana na yenu. Mitumbwi ya dagaa imeingia, ndoo zinahesabiwa harakaharaka, vidole vyake vinateleza kwa maji ya samaki, na jua limeipiga skrini hadi maandishi ya kijivu hayasomeki. Hakuigusa simu. Aliandika yote kwenye daftari la kaunta, akaja kuyaingiza usiku nyumbani, mtoto amelala mgongoni. Programu ikarekodi kwamba mzigo wote ulishuka saa mbili usiku. Tena ilimdai kilo, wakati mwaloni wanahesabu ndoo, kwa hiyo kila ndoo aliikisia uzito kichwani.

Sasa niambie, kati ya skrini zenu arobaini, ni ipi ingeponya hilo? Dawa yake ni hifadhidata yenye nafasi mbili za muda, muda wa kushusha na muda wa kuingiza, na kipimo cha ndoo kinachokubalika kama kipimo kamili. Hiyo ni kazi ya dizaina, maana yeye ndiye angekaa pale akaiona. Ila inafanyika kabla developa hajapanga majedwali. Ukisubiri msimbo uishe, utakachoweza kubadilisha ni rangi ya vitufe tu.

Kwa hiyo grupu la WhatsApp libaki la salamu na kupangia siku. Usanifu wote uhamie GitHub, tovuti ya kuhifadhi msimbo, palepale penye tiketi za msimbo, yaani maelezo ya kila kazi au tatizo. Tiketi ya dizaina isianze na picha, ianze na tatizo: nani alikwama, akiwa wapi, akifanya nini. Mchoro ufuate chini yake. Kila tiketi iwe na dizaina na developa tangu siku ya kwanza, na dizaina mmoja apewe mamlaka ya kusema "hii bado haitoki", sawa kabisa na anayekubali msimbo. Hili madevelopa hulikwepa, na hapo ndipo jumuiya nyingi zinapovunjikia. Michoro ikae Penpot, programu ya kuchorea skrini ambayo nayo ni huria, na iwe na leseni ya Creative Commons, inayoruhusu wengine kuitumia kwa masharti, iliyoandikwa wazi. Badiliko likiingia, dizaina atajwe kama mwandishi mwenza. GitHub inaruhusu, na kijana anahitaji rekodi hiyo akiomba kazi.

Saba ni wengi kwa madevelopa wanne. Wakati wa kuchora ukifika wawili wachore, watano waende mwaloni kutazama. Msihofie kwamba mtahitaji watu mia wa kujaribu programu. Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia programu, aliandika mwaka 2000 kwamba watano wanatosha kufichua sehemu kubwa ya matatizo. Mwaka 2001 kampuni ya Sun Microsystems iliwapima watu 12 tu wakitumia GNOME, programu huria ya skrini kuu ya kompyuta, na mwaka 2002 jumuiya ya GNOME ikatoa mwongozo wake wa usanifu.

Na ninyi wengine mnaosoma, jihadharini na wanaouza vyeti vya usanifu vya siku mbili. Wanawafundisha vijana kuchukua programu maarufu, kuipaka rangi upya na kuipandisha mtandaoni bila kuongea na mtumiaji hata mmoja. Shindano ni ugonjwa uleule: mmoja analipwa, wengine wote wamefanya kazi bure, na majaji hawajawahi kuhesabu ndoo ya dagaa. Skrini zinazotolewa na akili mnemba kwa dakika moja nazo ni hivyohivyo. Zinapendeza, lakini hazijui kama mikono ya karani imelowa. Nimeona jumuiya ikipoteza mwaka mzima kwa skrini za namna hiyo, kisha makarani wakarudi kwenye daftari.

Mwezi wa kwanza msichore kitu. Siku za giza, mitumbwi inapovua kwa taa, nendeni alfajiri msimame kimya pembeni, mwandike mnachokiona. Mbalamwezi ikikomaa na wavuvi wa dagaa wakipumzika, rudini mkae na makarani watano, kila mmoja kwa wakati wake. Mpe simu, mwombe aingize mzigo wa jana, na kabla hajaanza mletee beseni la maji alowanishe mikono.