Unataka kusomea nyota za nyutroni? Jibu langu kwa binti wa PCM

Mdogo wangu, umeuliza kama mtu wa kwetu anaweza kusomea nyota za nyutroni akaishi kwa kazi hiyo, maana umemaliza kidato cha sita huko Tanzania kwa PCM (fizikia, kemia na hisabati), baba anataka uhandisi, na moyo wako uko huko juu. Wengi waliotangulia kukujibu wamekwambia hizo ni ndoto za Wazungu. Mimi nimo humo mwaka wa kumi na nne sasa, kwa hiyo niruhusu nikueleze kwa urefu.

Kwanza hilo la Wazungu. Mimi ni mzaliwa wa Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Ukitoka na mashua katika ghuba ya Ungwana unayaona majukwaa ya chuma yamesimama baharini kwa miguu yao. Ndiyo San Marco, Waitaliano walikokuwa wakirushia roketi. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka saba ya uhuru, ilirushwa hapo setilaiti ya Wamarekani, ya kwanza duniani kuundwa kwa kazi ya kutazama eksirei za angani peke yake. Kwa heshima ya siku hiyo wakaiita Uhuru. Ndani ya miezi michache Uhuru ikaonyesha kwamba kitu kiitwacho Cen X-3 kinapigapiga eksirei kila baada ya sekunde 4.8, na kwamba kila siku mbili hivi kinafichwa, kisha kinatokea tena. Kumbe ni nyota ya nyutroni inayozungukana na nyota kubwa na kuinyonya gesi, na gesi hiyo ikiiangukia inapata joto kali mno hadi inang'aa kwa eksirei. Riccardo Giacconi, aliyeiongoza kazi ile, alipata Nobel mwaka 2002. Babu yangu alikuwa akivua katika maji hayohayo. Basi mtu akikwambia elimu hii si ya kwetu, mwambie sehemu yake ilianzia pwani yetu.

Nyota yenyewe unaijua, lakini nigusie kwa wanaopita. Nyota kubwa ikimaliza cha kuunguza, kiini chake hujiporomokea. Kinachobaki kina uzito wa kama jua moja na nusu hivi, kimebanwa ndani ya mpira ambao upana wake ni kama mwendo wa kutoka Malindi hadi Watamu. Na mpira huo unazunguka. Ile iliyo katika kundi la nyota la Vela huzunguka mara 11 kwa sekunde. Ya kasi kuliko zote tunazozijua ni mara 716. Kila mzunguko, mwale wa redio hutupitia kama taa ya mnara wa bahari, na hizo ndizo tunaziita pulsa.

Sasa kazi, maana hapa ndipo vijana wengi wanapokatika. Hutakaa usiku ukitazama kwa darubini. Utakaa mbele ya kompyuta. Pigo moja la pulsa kwa kawaida ni dhaifu, limezama ndani ya kelele, hulioni. Tunachofanya ni kukunja. Fikiria leso ndefu mno yenye ua lilelile linalojirudia, lakini rangi imefifia hata halionekani. Ukiikunja kwa kipimo sawasawa, ua likakaa juu ya ua mara elfu, rangi hujumlishana na ua linajitokeza. Ukikosea kipimo kwa unywele tu, yote yanapakana. Siku ya kwanza niliyokunja data ya Vela, mstari ulikuwa umetulia tu, nikarekebisha tarakimu ya mwisho ya kipindi, yaani muda wa mzunguko mmoja, na ule mwiba wa pigo ukasimama katikati ya skrini, mwembamba, safi. Mpaka leo nikiwaonyesha wanafunzi mkono wangu hutetemeka.

Na nikusimulie lililonifunza zaidi ya vitabu vyote. Mwaka wangu wa kwanza wa uzamivu nilikuwa nachambua data kutafuta pulsa mpya. Usiku mmoja ikatokea moja yenye nguvu ajabu, kipindi milisekunde 20, haimo kwenye orodha yoyote. Sikulala. Asubuhi msimamizi wangu akaja na kikombe chake cha chai, akainama, akaniuliza swali moja: mtawanyiko wake kiasi gani? Wimbi linalotoka mbali hupita katika elektroni zilizotapakaa baina ya nyota, na hizo hulichelewesha: mawimbi ya masafa ya juu, yaani yanayotetema haraka, hutangulia, ya chini hufuata. Kuchelewa huko ndio mtawanyiko, na ndiyo barua ya safari ya kila pulsa. Yangu ilikuwa sifuri. Haijasafiri popote. Akaniambia, gawa moja kwa 0.02. Hamsini. Umeme wa ukutani hupiga mara 50 kwa sekunde. Nilikuwa nimegundua waya wa stima. Hakunicheka, akavuta kiti tukaanza kuandika pamoja programu ya kuchuja. Tangu hapo nikiona kitu kizuri, saa ya kwanza naitumia kujaribu kukivunja.

Ndivyo alivyofanya Jocelyn Bell, aliyeigundua pulsa ya kwanza. Mwaka 1967 alikuwa mwanafunzi wa uzamivu Cambridge, kila siku antena inamtolea karatasi ya karibu mita 30, naye anaisoma kwa macho. Akaona kialama kisichofika sentimita moja, si nyota ya kawaida, si kelele ya kawaida. Angeweza kukipita. Lakini akagundua kila siku kinawahi dakika 4 kuliko jana, na hivyo ndivyo nyota zinavyochomoza. Shughuli za watu hufuata saa ya ukutani. Mwezi wa Novemba walipoharakisha karatasi wakaona mapigo, kila sekunde 1.337. Kabla ya mwaka kwisha akapata la pili upande mwingine wa mbingu. Nobel ya 1974 walipewa msimamizi wake Antony Hewish pamoja na Martin Ryle, yeye hakuwamo. Hilo linanichoma hadi leo, wala sioni sababu ya kulipamba. Baadaye akaolewa, akawa anahama kufuata kazi ya mume, akifanya kazi za nusu siku, kutoka miale ya gama hadi eksirei hadi infraredi, na uprofesa akaupata 1991. Nakutajia haya kwa sababu wewe ni mwanamke, na njia yako nayo huenda isinyooke. Mwaka 2018 alipopewa tuzo ya dola milioni 3 alizitoa zote ziwe mfuko wa kusomesha uzamivu wa fizikia Uingereza na Ireland kwa watu wa makundi yaliyo machache katika fani hii. Mfuko huo upo. Uandike kwenye daftari lako.

Kuhusu riziki sitakuficha. Baada ya uzamivu nilifanya mikataba miwili ya muda, nchi mbili, miaka mitatu na miwili. Katika ule wa pili mama aliugua, na posho yangu ilikuwa imekwama miezi mitatu kwa mfadhili. Nauli nilichangiwa na wenzangu wa maabara. Wapo niliosoma nao ambao leo wanafanya uchambuzi wa data benki na kampuni za simu, na wanaishi vizuri, maana anayejua kutoa ishara ndani ya kelele hakosi kazi. Mimi nilirudi Kenya, nafundisha fizikia chuoni, na data za MeerKAT, darubini ya redio ya antena 64 kule Karoo, Afrika Kusini, nazichambua nikiwa nyumbani. Mshahara ni wa mwalimu.

Njia ninayokushauri: soma fizikia kwa shahada ya kwanza, au hata huo uhandisi wa baba ukiwa wa umeme au mawasiliano, maana antena zinahitaji wahandisi kweli na wengi wamevuka kutoka huko. Ila hisabati usiilegeze, na Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, uianze leo. Tanzania haimo katika zile nchi nane za Afrika zilizoshirikiana na Afrika Kusini katika mradi wa SKA, wa darubini kubwa ya redio, kwa hiyo baadhi ya ufadhili uliotupitisha sisi Wakenya huenda usiuguse. Lakini NASSP ya Cape Town, programu ya masomo ya juu ya fizikia ya nyota iliyoanza 2003, husomesha vijana kutoka sehemu nyingi za Afrika, nami nilipitia hapo. Walimu wako wakuandikie barua mapema.

Baba mheshimu, usibishane naye kwa maneno. Mkalishe siku moja umwonyeshe unachokifanya. Nina faili dogo la Vela, la dakika chache tu. Niandikie hapahapa nikutumie pamoja na maelezo, ulikunje mwenyewe, na ule mwiba ukisimama mwite aje auone.