Ufunguo wa lori ukae kwa karani

Msimu wa korosho ukifunguka mwezi wa kumi, maghala ya Mtwara hayalali. Nimekuwa karani wa ghala huku kwa misimu tisa, na ninachokiogopa kuliko vyote ni lori kuondoka foklifti, ile mashine ya kunyanyulia mizigo, ikiwa bado mlangoni.

Nililishuhudia. Usiku, zimebaki paleti mbili kontena lijae. Kibarua mmoja akapiga ubavu wa kontena kumwita mwenzake. Dereva, aliyekuwa amesinzia, akadhani ni utingo anamwambia twende. Akawasha, akasogea. Foklifti ndiyo kwanza ilikuwa inapita juu ya bamba la chuma linalounganisha jukwaa na lori. Bamba likadondoka, mashine ikalala ubavu, na rafiki yangu aliyekuwa akiiendesha akaruka. Paa la mashine likamkuta mguuni. Leo anatembea kwa gongo.

Tangu hapo kwangu hakuna mjadala. Lori likishasimama, dereva azime injini, avute breki ya mkono, aweke kabari kwenye tairi, ufunguo anikabidhi mimi. Kabari wengi wanaidharau. Lakini kila foklifti inapoingia na kufunga breki ndani ya kontena, inalisukuma lori mbele kidogo kidogo, hata kama limezimwa. Foklifti ya kubeba tani 3, yenyewe tupu ina uzito unaozidi tani 4!

Nawe dereva wa foklifti, kaka, funga mkanda. Najua unachosha kwa mtu anayepanda na kushuka usiku kucha, funga tu. Mashine ikianza kupinduka usiruke. Shika usukani, kaza miguu sakafuni, egemea upande usioangukia. Anayeruka huangukia palepale mashine inapokuja kulala.

Makuli msisimame karibu na mkia wa foklifti inapokata kona. Yanayogeuka ni magurudumu ya nyuma, kwa hiyo mkia unafagia.

Lililoniuma zaidi lilikuja baadaye. Rafiki yangu aliambiwa aseme hospitali kwamba ameanguka na bodaboda, naye akakubali kwa kuogopa kukosa kazi. Ndugu yangu, ukiumia kazini sema umeumia kazini, siku hiyohiyo, na udai taarifa iandikwe. Bila hiyo utaendaje kudai haki yako Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi? Mimi nilikuwepo, niliona kila kitu, na usiku ule nilinyamaza. Nimeshamwomba radhi.