Maswali na majibu ya Kiingereza: “get” na pale kinapoachana na “kupata”

Maswali yaliyonifikia safari hii yanakizunguka kitenzi kimoja cha Kiingereza, “get”, na nimeyajibu pamoja kwa sababu makosa mengi yanayoulizwa yana chanzo kimoja. Shuleni tuliambiwa kwamba “get” ni “kupata”, na ni kweli kwa kiasi fulani, kwa kuwa aliyepata barua, kazi au mafua anaweza kusema “I got a letter”, “I got a job” na “I got a cold” bila wasiwasi. Lakini vitenzi hivi viwili vina kazi nyingi, kila kimoja kwao, na si kazi zote zinazolingana. Sisi husema kisu hakipati kikiwa butu, jambo ambalo “get” hakiwezi kulisema. Nao Waingereza hutumia “get” kwa kufika nyumbani, kulowa mvua na kunyolewa nywele, ambako “kupata” hakina nafasi.

Shikamoo mwalimu. Niliandika kazini “I got an accident yesterday”, mwenzangu akafuta “got” na kuweka “had” bila kunieleza sababu. Je, “nilipata ajali” haitafsiriwi hivyo? — Msomaji, Arusha

Marahaba. Mwenzako yuko sahihi. “Get” kikifuatwa na nomino hupendelea kitu kinachotoka mahali kikamfikia mtu, yaani kilichotumwa, kilichonunuliwa au kilichotolewa, pamoja na ugonjwa. Tukio linalomkuta mtu, kama ajali, huchukua “have”: “I had an accident”, au, ikiwa ulikuwa abiria tu, “I was in an accident”. Kiswahili hakibagui hapa, ndiyo maana tunapata ajali, hasara, faida, mimba na mtoto kwa kitenzi kilekile. Kiingereza huvigawa. Mfanyabiashara aliyepata hasara husema “I made a loss”, na aliyepata faida “I made a profit”. Kupata mimba ni “get pregnant”, kwa kivumishi, wala hakuna asemaye “get a pregnancy”. Aliyejifungua husema “I had a baby”, kwa sababu “we got a baby” humfanya msikilizaji adhani mtoto ametolewa kwingine akaletwa kwenu.

La kushangaza ni kwamba Kiingereza cha zamani hakikuwa mbali nasi. Katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, Hawa akiisha kumzaa Kaini anasema “I have gotten a man from the LORD”, na Biblia yetu ya Union inasema “Nimepata mtoto mwanamume kwa Bwana”. Tafsiri hizo mbili zinakwenda sambamba kabisa, ila leo mama wa Kiingereza aliye wodini hawezi kusema hivyo.

Nilimpata mtoto amelala, nikasema “I got him sleeping”. Mgeni wetu alinielewa vibaya. — Msomaji, Kisumu

Sema “I found him asleep”. Kukuta ni “find”, siku zote. Tena mgeni wako alikuwa na haki ya kuchanganyikiwa, kwa sababu “I got him to sleep” ina maana yake nyingine, nayo ni kwamba ulimbembeleza mtoto mpaka usingizi ukamchukua. Kwenye simu tahadhari ni hiyohiyo: “sikumpata” ni “I couldn’t reach him” au “I couldn’t get hold of him”.

Je, “sijapata kuona” ni “I have not got to see”? — Mwanafunzi wa kidato cha nne, Tanga

Hapana. “Sijapata kuona mambo kama haya” ni “I have never seen anything like this”. Hata hivyo umegusa jambo zuri, kwani “get to” ikifuatwa na kitenzi ipo, na ina maana ya kubahatika au kupewa nafasi: “We got to see the minister” ni kwamba tulifanikiwa kumwona waziri, pengine baada ya kusubiri sana. Pale Kiswahili kinapozungumzia nafasi, tumia “get to”. Pale kinapozungumzia kwamba jambo halijawahi kutokea, tumia “never”.

Nimesikia kwamba siwezi kusema “I cut my hair” kama nimenyolewa na kinyozi. Kwetu tunasema “nimenyoa” na kila mtu anaelewa. Naomba ufafanuzi, maana hata kwa fundi cherehani tunasema “nimeshona gauni”. — Msomaji, Mwanza

Hili ndilo swali lililonifurahisha kuliko yote, kwa sababu linaonyesha tabia ya Kiswahili ambayo wengi wetu hatuitambui mpaka tunapovuka kwenda lugha nyingine. Mwenye gauni husema “nimeshona gauni” hata kama hajawahi kushika sindano. Kazi yake ilikuwa kununua kitambaa, kupimwa na kulipa. Tunayo kauli ya kutendesha, “nimeshonesha”, lakini katika mazungumzo ya kila siku hatuoni haja yake, kwa kuwa msikilizaji anajua nani fundi na nani mteja. Kiingereza hudai tofauti hiyo itajwe. Ukisema “I sewed a dress”, umejitangaza kuwa fundi, na usishangae rafiki zako wa ng’ambo wakikuletea suruali zao uzipunguze.

Muundo unaohitajika ni “get”, kisha kitu, kisha umbo la tatu la kitenzi, lile tulilokariri darasani katika “make, made, made”. Kwa hiyo ni “I got a dress made”, “I got my hair cut”, “I got my phone repaired”, “I need to get this form stamped”. Mpangilio ni muhimu sana: kitu lazima kitangulie umbo la tatu. Ukisema “I got repaired my phone”, sentensi imevunjika. Kweli, wenyeji wa Kiingereza wenyewe huteleza na kusema “I cut my hair” kwa mambo ya saluni, lakini wewe ukitaka kueleweka bila maswali, fuata muundo huu.

Ukitaka kumtaja mtu aliyefanya kazi, mambo yanabadilika kidogo, na hapa ndipo wanafunzi hukosea hata katika mitihani. “Get” hutaka “to” kabla ya kitenzi: “I got the tailor to shorten the sleeves”. “Make” na “have” havitaki “to”: “I made him wait”, “I had the tailor shorten the sleeves”. Maana nazo hazifanani. “Make” kina shuruti ndani yake. “Have” ni agizo la kawaida kwa mtu ambaye kazi yake ni hiyo. “Get” hudokeza kwamba palikuwa na kushawishi, kubembeleza au angalau kuzungumza bei. Fundi aliyekuambia uje Ijumaa, kisha Jumatatu, kisha Ijumaa nyingine, hatimaye akakamilisha, anastahili “get”: “I finally got him to finish it”.

Tahadhari moja tu. Muundo huo huweza pia kubeba mkosi, kama katika “I got my fingers burnt”. Aliyeibiwa simu, hata hivyo, aseme “My phone was stolen” au “I had my phone stolen”, kwa kuwa “I got my phone stolen” huacha harufu ya uzembe, kana kwamba mwenye simu alichangia wizi huo.

Nimeolewa mwaka 2019. Ni “I am married since 2019”, “I was married with” au “I got married”? — Msomaji, Bujumbura

Neno letu “nimeolewa” linabeba tukio na hali kwa pamoja, ilhali Kiingereza huvitenganisha. Tukio ni “I got married in 2019”. Hali ni “I am married”. Hali iliyoanza zamani na ingalipo ni “I have been married since 2019”. Mume au mke akitajwa, kihusishi ni “to”, wala si “with”: “She got married to a teacher”. Faraja ni kwamba hapa Kiingereza hakitofautishi anayeoa na anayeolewa.

Msomaji mwingine ameuliza kama “get” kinaweza kushika nafasi ya “be” katika kauli ya kutendwa kila mahali. Hakiwezi. Kinafaa kwa jambo linalotokea na kumbadilishia mtu hali, kama “got paid”, “got hurt”, “got arrested”. Hakifai kwa vitenzi vya kujua, kupenda au kuamini. Mtu maarufu “is known”, hasemwi kwamba “gets known by everyone”.

Niko Muscat. Nataka kusema nimelizoea joto. “I used to the heat”? — Msomaji, Oman

“I got used to the heat”, au kwa sasa, “I am used to the heat”. “Used to” bila “get” wala “be” huzungumzia tabia iliyokwisha: “I used to wake up early” maana yake zamani ulikuwa ukiamka mapema, siku hizi huamki. Ukitaka kusema umezoea kuamka mapema, kitenzi cha mwisho kitachukua “-ing”: “I got used to waking up early”.

Mwanangu anasoma Marekani na anaandika “gotten”. Mimi nilifundishwa Dar es Salaam kwamba neno hilo ni kosa. Nimsahihishe? — Mzazi, Dar es Salaam

Usimsahihishe, mradi anaandika kwa Wamarekani. “Get” kiliingia Kiingereza kutoka kwa watu wa Skandinavia waliovamia na kisha kukaa Uingereza kuanzia karne ya 8. Kwao kilikuwa “geta”. “Gotten” lilikuwa umbo la kawaida Uingereza kwa karne nyingi, kama aya ya Hawa niliyoitaja juu inavyothibitisha. Waingereza ndio walioliacha baadaye, wakabaki na “got”, huku waliohamia Marekani wakiendelea nalo. Hata London halikufutika kabisa, kwani bado wanaita mali ya haramu “ill-gotten gains”, na kila mtu husema “forgotten”, neno lililo ndugu yake.

Mwanao ajue tu kwamba Wamarekani hutumia yote mawili kwa maana tofauti. “I’ve got a car” ni kwamba ninalo gari. “I’ve gotten a car” ni kwamba nimelipata, huenda jana. Vilevile “I’ve got to go” ni sharti niondoke, na “I’ve gotten to go” ni nimebahatika kwenda. Akiandika mtihani unaofuata Kiingereza cha Uingereza, ashike “got” peke yake.

Daladala ni “get in” au “get on”? — Kondakta, Dar es Salaam

Chombo ambacho abiria anaweza kusimama au kutembea ndani yake, kama basi, treni, meli na ndege, ni “get on” na kushuka ni “get off”. Daladala limo humo, hata pale ambapo kutembea ndani yake ni ndoto. Gari dogo na bajaji ni “get into” na “get out of”. Bodaboda hukaliwa juu, kwa hiyo “get on”. Na abiria anayetaka kushuka asiseme “I drop here”. Aseme “I’m getting off here”. Ukifika, ni “get to Kariakoo” lakini “get home”, bila “to”.

Mwalimu wetu wa chuo hukata “get” popote anapoiona katika insha. Ana haki? — Mwanachuo, Dodoma

Nusu. Katika maandishi rasmi “get” mara nyingi ni ishara kwamba mwandishi hakutafuta neno mahususi. Katika ripoti, “prices got higher” iwe “prices rose”, na “I am writing to get information” iwe “I am writing to request information”. Lakini nimeona pia madhara ya katazo hilo, hasa katika barua za kuomba kazi, ambapo kila “get” imegeuzwa kuwa “obtain” kana kwamba hicho ni kitenzi kilekile kilichovaa tai. “I obtained your letter” ni kosa, kwa sababu “obtain” hudai juhudi ya mpataji, na barua uliyotumiwa hukuitafuta. Hiyo ni “received”. Shahada unaweza kui-“obtain”. Ujuzi hupatikana polepole, nao ni “acquire”. Uzoefu ni “gain”. Anayekataza “get” bila kufundisha tofauti hizo amewaondolea wanafunzi neno moja sahihi akawapa manne wanayoyakosea. Na yapo mafungu ambayo hayavunjiki hata kwenye tasnifu: kuondoa kitu kabisa ni “get rid of it”, ingawa mwalimu wako akishikilia, mpe “eliminate”.

“Umenipata?” ni “Have you gotten me?” — Msomaji, Nairobi

Uliza “Do you get what I mean?”, au kwa mtu unayemheshimu, “Is that clear?”. “You’ve got me there” hujibiwa na mtu aliyeulizwa swali lililomshinda. “I’ve got you”, ambayo vijana huifupisha kuwa “I got you”, mara nyingi ni ahadi ya msaada: usijali, nitakushika mkono. Na bosi akikupa maelekezo kwa simu, “Got it” inatosha.